Laini Mbili za Mtaa wa Narung'ombe

Asubuhi ile laini yetu ya uwakala ilipogoma, mume wangu Khalil alifanya kile ambacho kila mtu hufanya: aliizima simu, akaiwasha. Ilipogoma tena akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, akachomoa laini, akaipuliza kama mtu anayepoza uji, akaipangusa kwenye shati na kuirudisha. Simu ikawaka vizuri tu. Alipobonyeza sehemu ya kutoa pesa, ujumbe ukaja uleule: samahani, huduma haipatikani.

"Mtandao wao huo," akasema.

"Mtandao upo, Khalil, vijiti vyote vimejaa. Tazama juu ya kioo hapo."

Duka letu lilikuwa la vyombo, pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Sufuria, mahotipoti, chupa za chai, sahani za kila rangi zilizokuwa zikishushwa kwa makontena tangu biashara ya nje ilipofunguliwa na kila mwenye nguvu akaruhusiwa kuagiza chake. Uwakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu tulikuwa tumeuongeza mwaka mmoja nyuma, na ulitunufaisha. Mtu anaingia kutoa pesa, anatoka na birika.

Mteja wa kwanza siku ile alikuwa Scholastika, mpishi wa shughuli kutoka Mchikichini. Alikuwa na harusi ya kupikia kesho yake. Kamati ilishamtumia pesa kwenye simu, naye alishachagua sufuria zake tatu, zile kubwa ambazo mtu mzima anaweza kukaa ndani akaoga. Kilichobaki ni kuitoa hiyo pesa.

"Jaribu hapo mbele, kwa Devendra," nikamwambia kwa sauti ya chini ili Khalil asisikie.

Devendra alikuwa na duka la cherehani na vipuri vyake ng'ambo ya mtaa, mlango wake ukitazamana na wetu. Yeye na Khalil walikulia mtaani hapo, kila mmoja nyuma ya kaunta ya baba yake, na miaka yote walikunywa kahawa pamoja. Uwakala ndio uliowagombanisha. Walikubaliana waombe pamoja, waweke meza moja, wagawane kazi. Kisha Khalil akasikia kwamba Devendra amepeleka maombi peke yake. Wakakutana kwenye dawati la usajili la ile kampuni ya simu, wakakalishwa benchi moja, huyu akitazama feni, yule akitazama mlango. Nilikuwepo, nimempakata binti yetu Dalia, na nilitamani sakafu ipasuke. Tangu siku ile hawakusemeshana tena. Mtaa ukawa na mawakala wawili wanaotazamana kama picha ukutani.

Scholastika alikwenda, hakukawia kurudi.

"Na ya kwake imegoma. Maneno yaleyale."

Nilimwona mume wangu akifarijika, Mungu amsamehe. "Basi wameuzima mtaa mzima," akasema.

"Hapana, baba Dalia. Wakala wa kule Msimbazi anatoa. Ila foleni yake imefika barabarani, nami siendi kusimama juani." Akageuza moja ya zile sufuria, akakalia kitako cha sufuria. "Tengenezeni, nitasubiri."

Khalil akapiga simu huduma kwa wateja, akaweka spika. Tukasikiliza muziki mpaka tukaanza kuuimba. Mwishowe akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, akasema laini imefungwa kwa muda kwa ajili ya uhakiki na itafunguliwa sasa hivi.

"Naomba majina yako matatu, ndugu mteja."

"Khalil Ubeid Salim."

Tukasikia akibonyeza. "Samahani, majina hayo hayalingani na ya mwenye laini."

"Mwenye laini ni mimi."

"Naelewa, ndugu mteja. Naomba majina ya mwenye laini."

Khalil akayarudia polepole, moja moja, kama anayemsomesha mtoto. Dada akaomba radhi tena, akasema kwa usalama wa mteja hawezi kuendelea, akatutakia siku njema na kukata.

Khalil akaiweka simu mezani. Akatazama ng'ambo. "Kuna mtu amechezea hii laini," akasema. "Na mimi namjua."

"Yake si imegoma pia?"

"Ameigomesha mwenyewe, tusimshuku."

Wakati huohuo sauti ya Devendra ilikuwa ikivuka mtaa. Naye alikuwa kwenye simu, anataja jina lake herufi kwa herufi, D, E, V, na kila akifika mwisho anaanza upya. Scholastika akainuka, akaenda kusimama mlangoni kwake, akasikiliza, akarudi akitikisa kichwa.

"Mama Dalia, hawa watu wana ugonjwa mmoja. Na yule anaambiwa jina lake silo."

Hapo ndipo lile benchi lilipoanza kunirudia. Niliwaona tena wamekaa, kila mmoja na karatasi zake, picha na nakala ya kitambulisho. Karani aliponyoosha mkono, kila mmoja alimwachia mwenzake atangulie, si kwa heshima bali kwa kiburi. Karani alichoka kusubiri, akawapokonya zote kwa mkupuo na kuzibananisha pamoja. Laini zilipotoka, kila mmoja alipokea ya kwake bila hata kusoma, kwa haraka ya kutaka kuondoka.

Nikachukua simu ya Khalil, nikavuka mtaa.

"Habari za asubuhi, shemeji."

Devendra akasimama, kama alivyozoea kunisimamia siku zote. "Nzuri, shemeji. Karibu."

"Nataka unisaidie kitu. Nitapiga simu kwa laini hii yetu. Wakikuuliza jina, taja la kwako."

"La kwangu? Kwenye laini ya Khalil?"

"La kwako, shemeji."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuvua viatu barabarani, lakini alikubali. Muziki ukapita, dada mwingine akapokea, akaomba majina matatu.

"Devendra Bhargav Solanki."

"Ahsante sana, ndugu Devendra. Na tarehe ya kuzaliwa?"

Devendra akawatazama wateja waliokuwa dukani, akatugeuzia mgongo na kuitaja kwa kunong'ona. Mkewe, Champaben, aliyekuwa kwenye kaunta, akajikaza asicheke.

"Imelingana. Nikusaidie nini?"

Nikaichukua simu, nikaeleza mkasa mzima. Dada akasikiliza, akasema karatasi zimebadilishana tangu usajili, na kwa kuwa sasa wanahakiki majina ya laini zote kwa kufuata siku ya usajili, mfumo umezifunga zote mbili. Dawa ni moja. Wenye laini wote wawili waende ofisini kwao mjini, Mtaa wa Samora, pamoja, na vitambulisho. Akiwa mmoja peke yake, hawatamhudumia.

"Siendi naye," Khalil alisema nilipomrudishia habari.

"Basi baki. Nitaenda na shemeji, na mtaa mzima utatuona tunaongozana hadi Samora."

Akachukua kofia yake.

Scholastika alisema atatulindia duka, kwani sufuria zake zimo humo. Champaben akabaki kwenye cherehani. Tukashika njia kwa miguu, mimi katikati, mwanamume kila upande.

"Azza, mwambie tupite Mtaa wa Uhuru, kule kwingine kumejaa malori," Khalil akasema.

"Shemeji, mwambie nimesikia," Devendra akajibu.

Tulikwenda hivyo, mimi nikiwa posta yao. Karibu na Mnazi Mmoja mkokoteni uliopakia magunia ya vitunguu ukateremka kwa kasi, mwenyewe akipiga mluzi, na Khalil alikuwa akitazama upande mwingine. Devendra akanipita, akamdaka mkono wa shati na kumvuta.

"Angalia, bwana."

"Nimeuona."

"Hukuuona."

Khalil akanyoosha shati lake. Tukatembea kidogo. "Sikuuona," akasema.

Ofisini kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na viti vya plastiki. Tukahudumiwa na kijana aliyeandikwa Leodegar kifuani. Akapokea vitambulisho, akafungua kompyuta, akatazama sura ya Khalil, akatazama kioo, akatazama sura ya Devendra. Hakucheka, ingawa nilimwona akijiuma mdomo.

"Nitarekebisha leo hii," akasema. "Ila kila mmoja anithibitishie kwamba anamfahamu mwenzake na kwamba hii laini nyingine ni ya huyo mwenzake kweli. Tuanze na wewe, mzee. Huyu bwana unamfahamu vipi?"

Khalil akakohoa. Nilidhani atasema ni jirani tu, yaishe.

"Namfahamu tangu tuko wadogo," akasema. "Mvua ilipoingia dukani kwetu, duka lake nalo likiwa limejaa maji, alikuja kubeba masanduku yetu kwanza. Baba yangu alipofariki, ndiye aliyefunga duka lake siku tatu. Sisi wenyewe tulifungua kabla yake. Laini ni yake. Hawezi kuchukua kisicho chake."

Leodegar akamgeukia Devendra, lakini Devendra alikuwa akimtazama Khalil.

"Kama unajua hivyo, kwa nini ulipeleka maombi peke yako?"

"Mimi? Nilipeleka baada ya kuambiwa wewe umeshapeleka."

"Na mimi niliambiwa wewe umeshapeleka."

"Nani alikwambia?"

"Mtu. Na wewe?"

"Mtu."

Wakatazamana. Khalil ndiye aliyeanza, mabega yakitikisika kabla sauti haijatoka, kisha Devendra akamfuata, na wote wawili wakacheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Mimi nilikuwa nikifuta macho kwa ncha ya mtandio. Leodegar alisubiri, mikono juu ya kibodi.

"Kwa hiyo niandike mnafahamiana," akasema.

"Andika," Devendra akajibu. "Andika kwa wino mzito."

Laini zikafunguliwa tukiwa palepale kaunta. Wakati wa kurudi hawakunihitaji katikati. Niliachwa nyuma kabisa, wao mbele wakipokezana maneno ya mwaka mzima: nani kaoa, nani kahamia Upanga, bei ya kontena, magoti ya Devendra, shule ya Dalia. Wakafika njia panda, wakasahau kuvuka.

Dukani tulimkuta Scholastika amepanga upya rafu ya mahotipoti, makubwa nyuma, madogo mbele, na ameuza chupa mbili za chai kwa bei nzuri kuliko ya Khalil.

"Haya, nitolee pesa yangu," akasema.

"Nenda ukatoe kwa Devendra," Khalil akamwambia. "Ulishasumbuka hadi kwake."

"Hapana," Devendra akasema. "Alianza hapa. Toa hapahapa."

"Jamani, nenda kwake."

"Mimi nasema hapa."

Scholastika akawatazama, mikono kiunoni. "Asubuhi mlikuwa hamsemeshani, sasa mmekuwa na adabu mno, mchele wa watu haujachambuliwa. Mama Dalia, nitolee wewe."

Nikamtolea. Wanaume wakazibeba zile sufuria hadi kwenye mkokoteni uliokuwa ukimsubiri, huyu sikio hili, yule sikio lile, wakibishana ni nani aliyewachongea mwaka ule, kila mmoja na mtu anayemshuku na ushahidi wake. Nilirudi nyuma ya kaunta. Alikuwa ameingia mama mmoja anayetaka kumtumia mwanawe pesa kule Lindi. Nikamuuliza namba, nikabonyeza, nikasubiri kidogo, na simu ya mama yule ikalia mkononi mwake, mwanawe akimwambia kwamba imefika.