Bahasha za Ami Farjallah

Katika ukoo wa Radhia, pale Malindi, kazi haikutafutwa. Kutafuta kazi ni mambo ya watu wasio na watu, ndivyo walivyoambizana tangu enzi za babu. Mtoto wa nyumba hapangi foleni getini akisukumana na walimwengu. Hutia vyeti vyake kwenye bahasha, mama yake akapika sinia zima la halua, vyote viwili vikapelekwa kwa Ami Farjallah, ambaye anajuana na wakubwa. Wakubwa gani? Hakuna aliyewahi kuuliza. Kuuliza ni utovu wa adabu.

Basi Radhia naye alipomaliza diploma yake ya maabara, akapelekwa. Ami aliipokea bahasha kwa vidole viwili, akauliza kama ndani mna vyeti vyenyewe, maana nakala, alisema, ni za watu wasioaminiana. Vilikuwa vyenyewe. Akasema atampigia mtu simu. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na huyo mtu, masikini, mpaka leo simu yake haijashika.

Miaka mitatu! Kila Idi Radhia alikwenda kumbusu ami mkono, na kila Idi alijibiwa kwamba jambo lake liko mezani. Hata ingekuwa meza ya chuma, ingekwisha pinda kwa mambo yaliyorundikwa juu yake.

Siku moja Nelly, aliyesoma naye chuoni, akampigia kutoka Marereni. Kiwanda cha chumvi alikokuwa karani kilitaka mtu wa kupima chumvi maabarani. Tangazo limebandikwa getini, mahojiano ni Jumatano asubuhi, na asiyekuja na vyeti vyenyewe asijisumbue. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa na siku na saa yake, na vyeti havikuwa mikononi mwake.

Akaenda kwa ami. Alimkuta sebuleni amejinyoosha, tumbo mbele, anapepewa na feni. Akampa shikamoo, akaeleza shida yake. Ami akanuna kama aliyenyimwa pilau. Aliuliza amemkosea nini hata amvunjie heshima hivi, mtoto wa nyumba yao kwenda kuchomwa na jua pamoja na vibarua wa chumvi, na hali jambo lake limebakia kutiwa saini tu.

"Ami, radhi zako nazitaka," Radhia akasema, "lakini siondoki hapa bila vyeti vyangu."

Akakaa kitako kwenye mkeka. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, mzee wa watu akakosa hata usingizi wake wa mchana. Mwisho akamwita mkewe, Bi Raiya, naye akaleta ufunguo na kufungua sanduku la mbao chumbani. Loo! Bahasha juu ya bahasha, za ukoo mzima na za majirani, nyingine zimetafunwa na mende pembeni. Ya Radhia ilikuwa katikati, na gundi aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe bado imeshika. Haikuwahi kufunguliwa. Radhia hakulia. Alishikwa na hasira, na kuliko hasira alijionea aibu, kwa mara zote alizoubusu mkono ule.

Jumatano alipanga foleni Marereni. Alisukumwa, naye akasukuma. Akahojiwa, akapata kazi.

Na huko Malindi, nani aliyempatia? Nani tena kama si ami! Aliitangaza habari barazani, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba alipiga simu moja tu. Watu wakamwombea umri mrefu.

Mwisho wa mwezi Radhia akarudi nyumbani kwa mapumziko ya siku mbili. Alimkuta mama yake mlangoni, amekwisha vaa buibui, sinia la halua mikononi na juu yake bahasha ya Sumeiya, mdogo wake Radhia. Mama alisema wanakwenda kutoa shukrani, na kwa kuwa ami ameonyesha uwezo wake, si vibaya wakamkumbusha na huyu wa pili.

Radhia akaichukua bahasha, akamkabidhi Sumeiya mwenyewe. Akamwambia akaitunze, na kesho avae viatu vya kutembelea, watakwenda Kilifi kusoma matangazo yaliyobandikwa, geti kwa geti.

Mama akabaki na sinia lake, hajui aingie au atoke.

"Na halua je?"

"Mpelekee," Radhia akasema. "Kula ndiyo kazi anayoiweza."