Kasri Lililofagiliwa

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu wa kike majuzi, tukichambua mchele, nilipomuuliza kitabu chake kimeishia wapi.

Kazi yake ni kupiga picha majumba ya zamani yaliyoachwa, makasri na nyumba za matajiri waliokwisha kufa, yale ambayo watu wakipita wanaongeza mwendo. Huuliza nani alijenga na nani alihama, kisha hupiga picha. Ana sharti lake moja, na amelitangaza kwa kila mwenye masikio: hagusi kitu. Hata jani likiwa limeanguka sakafuni, yeye huliruka.

Kitabu cha picha hizo kilibakiza moja tu, na mchapishaji alikuwa ameanza kukunja uso. Picha yenyewe mjukuu wangu alikwisha kuiona. Alikuwa amechungulia dirishani kwenye kasri moja lenye mnara, akaona ukumbi umejaa utando wa buibui, na katikati kiti kikubwa kimevaa vumbi kama koti. Lakini nimemlea kwa adabu, hakuingia. Alimtafuta mwenye kasri, akampata shangazi mmoja mtu mzima, binti wa marehemu aliyelijenga, anayeishi peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya kasri. Akamwomba ruhusa. Shangazi akamwambia karibu sana, ila nipe siku chache.

Hapo ndipo alipokosea. Unamwambia mwanamke mzima kwamba unakuja na kamera nyumbani kwa baba yake, halafu unampa siku chache.

Alipofika alidhani amepotea njia. Kuta zimepakwa chokaa, madirisha yana mapazia, na sakafu ya ukumbi inang'aa hata ungeweza kujitazama meno. Kile kiti kimepakwa mafuta, juu yake maua ya plastiki. Shangazi alisimama mlangoni, kiuno kimepinda, macho mekundu, uso wote ushindi mtupu.

Mjukuu wangu akauliza kwa sauti ndogo buibui wako wapi.

"Ondoa wasiwasi, mwanangu. Sikubakiza hata mmoja."

Akajaribu kueleza kwamba aliwapenda. Shangazi akamtazama kama mtu aliyeambiwa mgeni wake anapenda majipu, akaenda zake kuteleka chai.

Shetani hana likizo. Nje ya mlango wa nyuma lilikuwepo rundo la taka zilizofagiliwa, na vumbi lake laini, la miaka. Yule asiyegusa jani akaweka maua pembeni, akachota viganja viwili, akaanza kukinyunyizia kiti kama anayekoleza chumvi. Shangazi aliporudi alimkuta kazini.

Hakupiga kelele. Alivuta kitambaa begani, akakifuta kiti taratibu, mguu baada ya mguu.

"Baba alikikalia kikiwa safi," alisema. "Watu wakifungua kitabu chako waseme nini? Kwamba hakuzaa?"

Mjukuu wangu hakujua pa kuficha uso, wala ile mikono. Alipiga picha ya ukumbi pamoja na maua yake, kumridhisha mwenyeji, akijua kitabuni haiingii. Kisha wakaenda kunywa chai kwenye nyumba ndogo.

Alipovuka kizingiti moyo ulimruka. Utando kona kwa kona, vumbi juu ya kabati, kalenda ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na jua la alasiri likipenya tundu la bati na kutua kitandani. Picha ndiyo hii, nzuri kuliko ile ya kwanza.

"Usitazame huku, mama," shangazi alimwambia. "Nguvu zangu zote zimeishia kule kwa baba."

Alikunywa mafunda mawili, kichwa kikainama, akasinzia na kikombe mkononi.

Kamera ilikuwa shingoni, na wa kumzuia hayupo. Mjukuu wangu aliifungua. Aliitazama ile nuru kwa muda, akamtazama na shangazi anayekoroma, akaifunga. Alimtoa kikombe mkononi polepole, akamlaza vizuri pale kitandani alipoketi, akamfunika. Halafu akatafuta ufagio.

Alianzia kona ya juu. Gofu zuri kuliko yote aliyopata kuyaona akalifagia mwenyewe, akikohoa, mpaka sakafu ikaonekana rangi yake. Alipomaliza alitandika mkeka kando ya kitanda, akaketi kumsubiri mwenye nyumba aamke waimalizie chai iliyokwisha kupoa. Akaegemea ukuta kidogo tu, apumzishe mgongo, naye usingizi ukamchukua.