Kiti Alichokalia Mama

Rufaa za kaka yangu zilikuwa zimekwisha zote. Lilibaki swali moja tu: atauawaje. Mnyongaji alikuwa amestaafu na nafasi yake haikupata mwombaji, basi serikali ikanunua kiti cha umeme. Wakili wa kaka akaenda mahakamani kusema kiti hicho huenda kinatesa, na hata mtu wa kufa ana haki ya kutoteswa. Jaji akikubali, kaka atabaki hai mpaka ipatikane njia nyingine. Akikataa, ni Jumatatu.

Jaji akaagiza kiti kiletwe mahakamani kama kielelezo. Wakakiweka karibu na mlango, miguu yake bado ina nailoni za dukani.

Mimi na mama tulichelewa kwa sababu ya magoti yake. Mabenchi yalikuwa yamejaa waandishi wa habari na wanafunzi wa sheria. Mimi ni mtu wa haya; kumwambia mtu asogee kwangu ni kazi. Nikageuka kumtafuta mlinzi. Kuja kutazama, mama ameshakaa, mkoba mapajani, viatu kavua.

"Afadhali," akapumua. "Hapa angalau pana pa kuegemea."

Nikataka kumwambia. Lakini shauri lilikuwa linaendelea, nikaona haya kuongea.

Wakati huo wakili wa kaka alikuwa akimhoji mtaalamu wa serikali. "Una uhakika gani kwamba hakiumizi?"

"Huko kilikotumika, hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

Hapo mwanasheria wa serikali akamwona mama. "Mheshimiwa! Mama mzazi wa mfungwa amekikalia kwa hiari yake!"

Chumba kizima kikageuka. Jaji akavua miwani. "Mama, unajisikiaje hapo?"

Mama yangu hajawahi kumvunjia mwenyeji heshima. "Vizuri tu, mwanangu. Mungu awabariki kwa kunijali."

"Iandikwe!" akasema mwanasheria.

Ikaandikwa. Kaka akafunika uso. Haukupita muda jaji akatoa uamuzi: familia yenyewe imeshuhudia kwamba kiti hakina mateso, ombi limetupwa, kiti kirudi gerezani leo hii.

Ndipo nikamwinamia mama sikioni, nikamwambia amekalia nini.

Hakulia. Alishika mikono ya kiti, akajisogeza nyuma, akakaa barabara.

Askari wawili wakaja. "Bibi, simama tukichukue."

"Siwezi."

"Tutakunyanyua."

"Nani, wewe? Haya, nishike. Halafu nenda kamsimulie mama yako kazi uliyofanya leo."

Askari akarudisha mikono mfukoni.

"Mwondoeni!" jaji akafoka.

"Kwa utaratibu gani, Mheshimiwa?" akauliza wakili wa kaka. "Kumwondoa shahidi juu ya kielelezo kunataka ombi la maandishi, na yeye apewe nafasi ya kujibu."

Wanafunzi wote wakaanza kuandika. Jaji akawatazama wanafunzi, akawatazama waandishi wa habari, akamtazama mama.

"Ombi lisikilizwe mwezi ujao," akasema kwa uchovu. "Mpaka hapo kielelezo kisitumike."

Kaka alipopitishwa akiwa na pingu, akasimama mbele yetu. "Mama, sasa utakaa hapo mpaka lini?"

"Kwani wewe una haraka nacho?"

Kaka akacheka mpaka askari akamsukuma. Mama akanigeukia mimi. "Nenda nyumbani ukalete mto. Na ufunge mlango wa nyuma, hatulali kule leo."