Ufagio wa Saa Moja

Kanuni ile niliileta mimi. Nasema mapema ili mtu asije akamlaumu Pitchou au mwingine yeyote katika chama. Pitchou ndiye mwenyekiti wetu, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na yeye alitaka mambo yabaki kama yalivyokuwa: mwanachama akipoteza kazi, chama kinampa unga, mafuta, maharage na nusu ya kodi ya chumba mpaka asimame tena. Mimi ndiye niliyeinuka nikasema hapana.

Chama chetu kipo Yeoville, mtaa wa wageni katika jiji kubwa huku kusini. Ndani yake mna Wakongo wengi, Warundi, na sisi Watanzania wachache, na tunakutana Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kukodi. Siku zile maneno yalikuwa yaleyale kila mahali. Kwenye teksi, kwenye spaza, yale maduka madogo ya mtaani, redioni, watu wanasema wasio na kazi wanalalia posho ya serikali, wamekuwa wavivu. Na sisi wageni tulikuwa tumelidaka neno hilo tukalifanya letu. Tulipenda kusema sisi hatulali, mgeni hana nafasi ya kulala. Tukilisema hivyo tunajisikia vizuri, kama watoto waliofaulu mtihani. Basi mimi nikaona aibu. Vipi tuwaseme wenyeji, na huku chama chetu wenyewe kinalisha watu waliokaa?

Nikatoa hoja. Anayesaidiwa na chama afanye kazi. Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne, afagie mbele ya maduka ya wanachama na aoshe viti vya ukumbi. Akikosa siku moja, msaada wa mwezi huo umekatika. Mtu mmoja akauliza kwa nini saa moja na si saa tatu. Nikajibu kwamba saa moja ndiyo watu wanakwenda kupanda teksi, nao wamwone. Wakapiga makofi. Mimi nimesoma vipande vipande, darasa moja Makunduchi, darasa jingine Tanga, mengine nimeyaokota njiani, Mbeya, Kitwe, Harare. Kupigiwa makofi na watu wenye diploma kulinilewesha kidogo.

Wala hakuna aliyeniuliza mimi nimedumu kazi gani. Maisha yangu yote sijamaliza miaka mitatu kwa tajiri mmoja. Pale Kitwe nilikula kwa watu miezi mitano bila kushika hata kikombe kukiosha, na hawakuninunia. Hilo sikulikumbuka siku ile.

Wa kwanza kuangukiwa na kanuni alikuwa Vénérand, Mrundi, mlinzi. Kampuni yake ilipoteza mkataba wa jengo moja, na walinzi wote wa jengo wakarudishwa nyumbani. Miaka yote alikuwa akikatwa kwenye mshahara kwa ajili ya bima ya kukosa kazi, kwa hiyo alikwenda kuidai. Akapanga foleni siku tatu. Siku ya tatu kompyuta ikaikataa namba ya karatasi yake ya ukimbizi. Akaambiwa aihuishe kwanza, na kuihuisha ni miezi. Ndipo akaja kwetu, yeye na mkewe Emérite, msusi wa nywele anayefanyia kazi barazani, na watoto wawili.

Alikuja saa moja kamili kila siku. Alifika anahema, shati limeloa mgongoni, na mimi nikadhani ni aibu inamtoa jasho. Nikasema vizuri, imwingie.

Kumbe alikuwa anatoka Doornfontein, mtaa ulio chini ya mlima wetu, mbio. Walinzi wana utaratibu wao. Mbele ya geti la kampuni moja kule, tangu saa kumi na moja alfajiri, wanasimama watu wamevaa sare safi na viatu vilivyopigwa rangi. Hawajaajiriwa. Wanaitwa spea, kama gurudumu la akiba. Saa kumi na mbili zamu zinabadilika. Mlinzi asipotokea, msimamizi anatoka na karatasi, anaita jina la spea mmoja na kumpandisha gari. Na likitokea lindo lisilo na mwenyewe, anapewa yule aliyesimama muda mrefu kuliko wenzake. Lakini uwepo. Msimamizi hapigi simu. Anaita mara tatu, kisha anakwenda kwa anayefuata. Vénérand alikuwa amesimama pale tangu wiki aliyoachishwa kazi, na tangu tumpe ufagio alikuwa anasimama mpaka saa kumi na mbili na robo, halafu anaupanda mlima mpaka kwetu.

Hayo nilielezwa na yeye mwenyewe, Jumatatu moja alasiri. Alinikuta nje ya spaza ninapopenda kukaa, akaniamkia, akachuchumaa pembeni ya kiti changu. Alisema kuna mlinzi wa maghorofa fulani mtaa wa Observatory anaacha kazi, anarudi kwao. Lindo litakabidhiwa kesho, gari linaondoka getini saa moja, na kazi yenyewe inaanza Jumatano. Msimamizi alikuwa amempitia karibu akamwambia asikose.

"Kesho tu, Mzee Vuai. Nije saa nne, nifagie mpaka saa saba. Viti nitaviosha vyote, hata vile vya stoo."

"Nikikupa wewe kesho, Jumatano nimpe nani?"

"Jumatano sitakuwa nawasumbua tena. Nitakuwa kazini."

"Una hakika?"

Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na hilo nalo lilimponza.

"Amesema nisikose," akasema. "Mtu wa geti hasemi zaidi ya hapo."

Ningeweza kusema nenda. Hakuna ambaye angeniuliza. Lakini walikuwapo watu pale, wananunua mkate huku wanasikiliza, nami nikasikia tena yale makofi.

"Kusimama si kazi, kijana. Ingekuwa kazi, mimi sasa hivi ningekuwa tajiri."

Wakacheka. Nikapenda walivyocheka. Vénérand naye alitabasamu kidogo, kwa adabu, akainuka akajipangusa magoti. Akasema amesikia.

Asubuhi yake nilipita makusudi. Alikuwa pale, mbele ya duka la Pitchou, anafagia polepole, ameinamisha kichwa. Alikuwa amevaa suruali ya sare na viatu vyake vya ulinzi, lakini juu amevaa fulana ya kawaida. Nikaenda kumwambia Pitchou kwamba kanuni inafanya kazi.

Ijumaa nilimkuta Emérite barazani anamsuka mteja. Nilimsalimu, hakuinua uso. Alimaliza msuko mmoja, akaanza mwingine, ndipo akasema.

"Walimwita mara tatu, Mzee."

Lindo alipewa kijana aliyekuwa amesimama getini siku nne tu. Mkataba wa kudumu, kibanda chenye kiti na hita ya umeme. Wenzake Vénérand walimpigia simu palepale getini, wanamwambia anaitwa, njoo. Simu ikalia mfukoni, ufagio mkononi. Nikamuuliza Emérite kwa nini mumewe hakwenda tu, kwani nani alimfunga kamba. Sasa ndipo akaniangalia.

"Angekwenda akakosa, watoto wangekula nini mwezi huu? Wewe ndiye uliyetuwekea tuchague. Tukachagua unga."

Mteja chini ya mikono yake alikuwa ametulia kabisa, kichwa kimeinama, kama anayesomewa hukumu isiyo yake. Nilitoka pale nikaenda ukumbini, nikamkuta Vénérand anaosha viti. Nikamwambia nimekosa, nilizungumza kwa ajili ya watu wa dukani, anisamehe.

"Yamepita, Mzee," akasema. "Sogea kidogo, nimalize hapo ulipokanyaga."

Jumapili ile niliinuka tena mbele ya chama. Safari hii nilisema kanuni ifutwe. Nikawaeleza habari ya geti, nikaeleza na yangu ya Kitwe, kwamba nimelishwa na watu waliokuwa na kidogo kuliko sisi, na hawakuniweka barabarani nionekane. Nikasema mtu anayetafuta kazi tayari ana kazi, na sisi tumemwongezea nyingine inayomzuia ile ya kwanza. Nilisema vizuri, nadhani, vizuri kuliko siku ya kwanza. Makofi hayakutokea.

Pitchou akakuna ndevu. "Eish, Papa Vuai. Si wewe uliyetuambia watu wamwone? Wamemwona. Wenye maduka wanafurahi, barabara yetu safi. Watu wanasema wageni hawa wana nidhamu. Leo tuwaambie nini?"

Ikabidi kura. Wanaotaka ifutwe, mikono juu. Walikuwa watano, pamoja na mimi. Wanaotaka ibaki, nikaona mikono inapanda mstari kwa mstari, na katika mstari wa nyuma, umenyooka kuliko mingine, mkono wa Vénérand.

Ukumbi mzima uligeuka. Pitchou akamuuliza kama ameelewa swali. Akasema ameelewa.

"Nimefagia wiki saba," akasema. "Lindo langu limekwenda kwa ajili ya ufagio huu. Sasa mwingine aje apewe unga bure, amekaa kwake? Mimi basi nilifagia kwa nini?"

Hakupandisha sauti. Emérite, aliyekuwa kando yake, alikuwa anatazama dirishani. Kanuni ikabaki, na kwa vile Vénérand alikuwa ameifahamu kazi kuliko yeyote, wakamfanya msimamizi wa ufagio, alipwe na wenye maduka kidogo kidogo. Getini hakurudi tena. Alisema mtu akiitwa mara tatu asitokee, jina lake linapelekwa chini kabisa ya karatasi.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Angélique, mwanachama mwenzetu, msusi. Saluni aliyofanyia kazi ilifungwa, tajiri wake amehamia Durban bila kuaga. Jumatatu ya kwanza nilikuwa napita na mfuko wangu wa mkate nikamwona anakuja mbio, amefunga kitambaa kichwani, na Vénérand amesimama anamngoja.

"Dada Angélique, saa moja ni saa moja."

Akaomba radhi, akapokea ufagio. Halafu akaniona mimi. Akanikimbilia, akanisalimu kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kesho anaweza kutoka saa mbili. Kuna saluni mjini inajaribu wasusi, Jumanne tu, na anayechelewa hajaribiwi. Aliniuliza mimi kwa sababu ameambiwa kanuni ni yangu.

Nilimtazama Vénérand. Alikuwa amesikia, maana hakuwa mbali. Alikuwa anaangalia mchanga uliobaki pembeni ya barabara, anangoja nitakachosema, na usoni mwake sikuona hasira wala huruma. Nilifungua kinywa. Nikaona jinsi nitakavyomwambia nenda, na jinsi mwisho wa mwezi nitakavyosimama tena ukumbini kumtetea, na wale watano watakavyobaki watano tu.

Nikamwambia amuulize msimamizi. Nikaendelea kuelekea kwenye robot, taa za barabarani, na ilipowaka kijani nikavuka bila kugeuka kuona alijibiwa nini.