Safu ya Sababu

Waliohudhuria mwethya wa Jumatano, Kalama, shambani kwa Kalunde: Ndunda, mwenyekiti, Kamanthe, katibu, Kalunde, mwenye shamba, Kitonga, Mumbua, Ndolo. Asiyekuwapo: Mwelu.

“Sababu?” aliuliza Ndunda, kama alivyouliza kila wiki kwa miaka sita.

Kamanthe aliitazama safu ya mwisho ya daftari. Aliichora mwenyewe kwa rula na wino mwekundu, kama alivyochora madaftari ya mahudhurio shuleni kabla ya kustaafu. Katika mwethya watu hawa walichimbiana matuta kwa zamu, shamba baada ya shamba, na hawakumsamehe mtoro asiye na sababu. Sababu ilisomwa mbele ya majembe yote. Wenye kuguna waliguna, kisha kazi ikaanza.

“Haitaandikwa,” alisema.

“Leo Mwalimu amesahau kalamu!” Kitonga alicheka.

“Kalamu niko nayo, Kitonga. Na fimbo niko nayo.”

“Si ni Jumatano?” Ndunda alikunja uso. “Andika kliniki, kama kawaida. Halafu uweke kwa ukurasa, watu wanangoja.”

Ukurasa huo ndio uliomkosesha Kamanthe usingizi. Miaka miwili iliyopita Ndunda alitaka kikundi kijulikane, naye Kamanthe akaufungua mtandaoni kwa akaunti yake mwenyewe. Kwa kuwa hakuipenda kazi ya nusunusu, kila wiki alinakili humo daftari zima: jina, tarehe, yupo, hayupo, sababu. Watu elfu mbili waliufuata. Wageni walikuja kuyaona matuta, wakaleta miche ya parachichi, na Ndunda akapigwa picha akiwa amevaa koti la harusi.

Kisha, Jumatatu iliyopita, Mwelu alikwenda kuomba kazi ya kushona katika kiwanda kimoja huko Athi River. Karani alichapa jina lake kwenye simu, na daftari la mwethya likajitokeza. Mara tisa lilisema: Mwelu, hayupo, kliniki ya Jumatano.

“Na sisi Jumatano atatushonea nani?” karani alimwuliza, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni.

Jioni ile Mwelu alisimama mlangoni kwa Kamanthe, akakataa chai, akakataa hata kiti.

“Mwalimu, niliwaambia ninyi tuliochimba pamoja. Sikuiambia Athi River.” Alifunga leso yake upya. “Mwethya wenu sirudi. Zamu yangu mpeni mwingine.”

Zamu yake ilikuwa ndiyo inayofuata. Shamba lake lililala kwenye mteremko mkali kuliko yote, bila tuta hata moja, na mvua za Novemba zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Kamanthe hakuuliza aliyekuwa mgonjwa ni nani, Mwelu au mwingine wa nyumbani kwake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpangilio, aliona kwamba swali lenyewe halikuwa lake.

Yote hayo aliwaeleza sasa. Mumbua alishika kidevu. Ndunda alikohoa.

“Pole kwake. Lakini watu elfu mbili, Mwalimu! Tena wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.”

“Kilio ni cha mwenye maradhi, Mwenyekiti. Mimi nilimlilia kabla hajalia yeye, tena sokoni.”

“Toa jina lake, basi. Mengine yabaki.”

“Na msiba wa Ndolo ubaki? Na siku ile Kitonga alipolala kituo cha polisi?”

“Aa, hiyo toa!” Kitonga aliruka. “Mama watoto anajua nilikuwa Masinga!”

Walicheka wote, hata Ndolo. Kamanthe alivaa miwani, akatoa simu, akabonyeza palipoandikwa futa akaunti. Kioo kilimletea orodha ndefu, naye akaisoma kwa sauti, kama anayesoma imla: “Kwa nini unaondoka? Chagua sababu.”

“Hata huyo ana safu ya sababu!” Kalunde alipiga makofi.

“Yake pia haitaandikwa.” Aliruka orodha yote, akathibitisha.

Ndunda alichungulia begani kwake. “Hapo inasema ukifungua kabla ya siku thelathini, kila kitu kinarudi. Utarudi tu, Mwalimu. Wote hurudi.”

“Nimefundisha miaka thelathini na minne, mvua au jua, na sikuchelewa hata asubuhi moja. Siku thelathini ndizo zitanishinda?”

Yaliyokwisha kusomwa hayangefutika. Hilo alilijua, na lilimuuma. Alichukua rula, akaikata safu ya mwisho kwa mstari mmoja mnyoofu kutoka juu hadi chini ya ukurasa, kisha akasimama, daftari kifuani.

“Sikilizeni, kisha tukachimbe. Daftari hili halitatoka tena kwenye sanduku langu. Asiyekuja ataandikwa hayupo, basi. Wiki ijayo ni zamu ya Mwelu, na hakuna mwingine atakayepewa. Nitakwenda mimi mwenyewe kumwomba msamaha. Na kuanzia wiki hiyo mwethya ni Alhamisi, saa moja asubuhi, kila mtu na jembe lake. Atakayeuliza kwa nini tumehama Jumatano, mwambieni katibu amekataa kusema.”