Figo ya Mtumba

Fundi friji aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bonge alijivunia kitu kimoja tu maishani, nacho ni mwili wake. Watu waliuona mnene, yeye aliuita imara. Kwa hiyo daktari alipowaambia kwamba figo za mdogo wake wa kike zimegoma kabisa, na kwamba ndugu mwenye figo nzima angeweza kumwachanisha na ile mashine ya kusafisha damu, Bonge hakungoja sentensi iishe.

"Nipo," alisema, akajipiga kifua.

Mdogo wake, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, alimtazama toka juu hadi chini. "Yaani kaka, utoto mzima nimevalishwa masweta yako yaliyotoboka viwiko, nikajifunza cherehani kwa hasira. Leo unataka nikuvae kwa ndani?"

Bonge alicheka kwa sauti kubwa. Daktari akaongeza, kwa upole, kwamba unene nao huangaliwa, na kicheko kikakatika katikati.

Kauli hiyo ilimkaa rohoni. Siku moja kabla ya kutoa damu ya kupimwa akapata wazo, na Bonge akipata wazo, heri ukae mbali. Alichukua friji la mteja akalipandisha ngazi peke yake, akalishusha, akalipandisha tena, huku mteja akiuliza kama friji limekosa makazi. Alitaka mwili uchangamke. Jioni akakaa mbele ya sufuria la nyama akalimaliza bila msaidizi, ili damu iwe na nguvu. Akalala fofofo, ameridhika na akili zake.

Asubuhi, mpimaji wa damu, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alimfunga mpira mkononi akautafuta mshipa. "Jana ulifanya kazi nzito? Ulikula nyama nyingi?"

"Hapana. Nilipumzika, nikala mboga," alijibu Bonge, kwa sauti ya mtu asiyejua dhambi.

Mpimaji alijaza vichupa. Alieleza kwamba kwanza wataangalia kama figo za Bonge zinasafisha vizuri, ndipo waone kama mwili wa mdogo wake utamkubali. "Kwenye damu kuna chembe nyeupe. Hao ni walinzi. Kila sehemu ya mwili wako ina alama, mfano wa sare ya kazi. Walinzi wakiona sare wasiyoijua, wanashambulia. Ndivyo wanavyotukinga na vijidudu, lakini hata figo ya msaada wanaweza kuiona mwizi."

"Walinzi wangu wanamjua huyu," alisema mshonaji, aliyekaa pembeni. "Wamemvumilia miaka yote."

"Basi nisalimie hao walinzi," alisema Bonge.

Majibu yalitoka mabaya. Mpimaji aliwaita, miwani imeshapanda puani. Kuna taka inayotoka kwenye misuli, alisema, inaitwa kreatinini, na kazi ya figo ni kuichuja. Kwenye damu ya Bonge ilikuwa imezidi. Kwa kiwango kile hakuna daktari ambaye angethubutu kumtoa figo moja.

Bonge alimgeukia mdogo wake, akasubiri kuchambwa. Alikuwa tayari kuambiwa kwamba hata figo zake ni za kutoboka. Lakini mshonaji alimshika tu mkono.

"Basi, kaka. Umejaribu. Ahsante."

Hapo Bonge aliogopa kweli. Tangu ajifunze kusema, mdogo wake hakuwahi kumshukuru bila kuchomekea neno. Upole ule ulikuwa wa mtu anayefunga virago, na ulimwelemea Bonge kuliko friji la jana.

Friji la jana!

"Mama," alimwambia mpimaji, akitazama sakafu, "hiyo taka ya misuli... mtu akibeba friji ngazini, inaongezeka?"

"Friji? Nani kabeba friji?"

Alieleza yote, ngazi na sufuria, kwa sauti iliyozidi kushuka. Mpimaji alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Baba mzima! Misuli umeitesa, na nyama iliyopikwa nayo inaongeza hiyo hiyo taka. Nimekuuliza, ukanidanganya. Nenda ukapumzike, nyama usiguse, nitakupima upya. Pengine figo zako hazina kosa. Kosa liko juu zaidi, hapo kichwani."

Mshonaji alianza kutikisika mabega. Bonge akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko ambacho mashine ilikuwa imekizima kwa miezi. "Ulikwenda kuifanyia figo yangu mazoezi!" alisema, akijifuta macho. "Kaka, wewe ni zuzu wa kimataifa."

Tangu hapo alimlinda mwenyewe. Bonge hakuruhusiwa kubeba hata stuli. Akinyanyua birika, mshonaji alikohoa. Bonge alipopimwa upya, ile taka ilikuwa imeshuka mahali pake, figo zinachapa kazi. Ndipo kikaja kipimo cha mwisho, na siku ya majibu hakuna aliyetania.

"Tumechukua chembe za kaka," alisema mpimaji, "tukazichanganya na majimaji ya damu yako, tukasubiri ugomvi." Akapangusa miwani kwanza, na Bonge nusura amtikise. "Hakuna aliyemkunja mwenzake shati. Utameza dawa za kuwatuliza hao walinzi siku zote, hilo lisikuchoshe. Lakini mmeelewana."

Bonge alimpenda mdogo wake mno, na hakuwahi kumwambia, kwa sababu angechekwa. "Ujue imetumika," alisema badala yake. "Miaka yote nimeivaa mimi."

Mshonaji aliuchukua mkono wa kaka yake, akaugeuza, akakichunguza kiwiko kwa makini, kama anavyokagua nguo ya mteja kabla ya kuipokea. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta.

"Ya mtumba," alisema. "Lakini safari hii, kaka, umenipa ungali bado unaihitaji."