Boga Lililonifuata Kitaluni

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la chumvi humu, goti langu la kushoto na liniume mpaka Krismasi. Linaniuma sasa hivi, lakini hiyo ni baridi.

Bustani yetu ya mtaa, hapa Gugulethu, iko nyuma ya kanisa, na kila mtu ana kitalu chake. Bomba la maji ni moja tu, liko langoni. Kitalu changu kiko mwisho kabisa, kwenye uzio wa reli, mbali kiasi kwamba nikitoka bombani na ndoo imejaa, nafika na ndoo na masikitiko. Sasa, kila Machi, joto linapokunja mkeka wake na ule upepo wa kusini-mashariki unapochoka kututupia mchanga machoni, tunapima maboga. Mwenye boga zito kuliko yote anachagua kitalu cha mwaka mzima kabla ya wengine wote. Cha bombani nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kuoa, na ninyi hamkumwona mke wangu alipokuwa msichana.

Mwaka huu nilikuwa na boga.

Jeupe, limebonyea juu kama mto wa kukalia. Na kukua! Jioni moja kuku wa jirani alilala juu yake; kulipopambazuka alijikuta juu sana, anaogopa kuruka, ikabidi niazime ngazi. Mchana wa jua kali ungelisikia likinguruma kama tumbo la askofu. Treni zilipunguza mwendo abiria watazame. Mimi ni mstaafu wa reli, madereva wananijua, waulizeni.

Lilitoka wapi? Mche wenyewe ulikuwa upande wa MaNgwevu, jirani yangu kitaluni, mama mkimya ambaye akisema maneno matatu kwa siku moja amechangamka. Kati yetu kuna kijia tu. Mwezi wa Januari tawi moja la mche ule likatambaa, likavuka kijia lenyewe, likaja kwangu na kiboga kikubwa kama ngumi. Lilinipenda, nifanyeje? Mimi nililifukia tu pale njiani watu wasilikanyage. Kiboga kilikuwa kimekalia kipande cha ubao, nikavihamisha vyote pamoja, wala sikujiuliza nani aliuweka. Kisha nikaanza kubeba maji. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, na goti linalia.

Jumamosi ya kupima ikafika. Hewa ilikuwa tulivu, mlima wa mji wetu uko wazi bila wingu hata moja, na bustani imejaa watu utadhani kuna harusi. Mizani ya bucha ilining'inizwa kwenye boriti la lango. Sisi Noluvo, yaani Dada Noluvo kwa lugha yetu, mwenyekiti wetu, fundi wa kushona, alisimama chini yake na utepe wake shingoni. Boga la Luyanda, fundi magari, ndilo lilikuwa linaongoza, naye anatembea huku na huku kama jogoo.

"Tata Jola!" akaniita, yaani Baba Jola. "Lako liko wapi? Au limeshapanda treni?"

"Lete toroli, mwanangu. Uje na mwenzio. Na mwenzio aje na mwenzie."

Walikwenda wanacheka, wakarudi wanahema. Watu wakapisha, akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaanzisha wimbo na wote wakaudaka. Boga likawekwa kwenye turubai, turubai likatundikwa, boriti likalia kwiii! Mshale wa mizani ukaruka, ukalipita boga la Luyanda bila hata kulisalimia.

"Hili ni boga au ng'ombe?" Sisi Noluvo akauliza.

"Ongea nalo kwa adabu," nikasema. "Lina hasira."

 Tayari nilijiona nimekaa bombani, miguu majini, nawapungia wanaopita na ndoo.

"Kuna mwenye neno?" akauliza Noluvo.

"Mimi." Alikuwa MaNgwevu. Watu wote wakageuka, maana hatujazoea sauti yake. "Hilo boga ni lako, Jola?"

"La nani tena, mama?"

"Nauliza tu."

Hapo ningenyamaza. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi nikiona watu wengi mdomo unaota miguu. Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kama boga hili si langu," nikapaza sauti, "nitasukuma toroli la samadi kwa kila kitalu cha bustani hii, peke yangu, mpaka mvua zishike!"

"Mmemsikia?" MaNgwevu akauliza.

"Tumemsikia!"

"Basi ligeuzeni."

Wakaliteremsha, wakaligeuza. Chini kulikuwa na udongo uliogandamana. MaNgwevu akapiga magoti, akaufuta kwa ncha ya aproni yake, polepole, kama anamsafisha mtoto uso. Ikatokea alama. Kovu, kama la mtu. Kisha jingine.

"M!" Luyanda akapiga kelele. "A! N!"

Bustani nzima ikaanza kusoma pamoja naye, herufi moja moja, watoto wanarukaruka, mpaka jina likatimia: MANGWEVU. Kila herufi kubwa kama kiganja changu.

"Nililichora kwa msumari lilipokuwa kama ngumi," akasema MaNgwevu. "Likikua, kovu nalo linakua. Nikaligeuza, nikaliwekea ubao. Kesho yake nakuta tawi limezikwa njiani na boga limehamia ng'ambo."

"Na ukanyamaza, mama?" Noluvo akauliza.

"Kiuno kinanisumbua, Noluvo. Nikamwona mzee wa watu anabeba ndoo asubuhi na jioni, tena anaimba. Ningemkatiza kwa nini?"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha njiwa wote wa kanisani.

"Lakini subirini!" nikasema. "Mimi ndiye niliyelipa boga jina hilo. Kwa heshima ya jirani!"

"Ukaliandika chini?" akauliza Luyanda.

"Heshima ya kweli haijionyeshi."

"Shuka kwenye ndoo, Tata Jola," akasema Noluvo. "Toroli lile pale."

MaNgwevu alichagua kitalu cha bombani. Toroli la kwanza la samadi lilikuwa lake. Alikaa kwenye ileile ndoo yangu, sahani ya umqa mapajani, ugali uliosongwa na boga lile lile, ananielekeza kwa kijiko.

"Hapo, Jola. Hapana, sogeza. Hapo. Sasa nisimulie ile ya kuku."

Nikamsimulia huku nasukuma. Tulipofika toroli la nne kuku alikuwa ameshakuwa mbuni, na ngazi niliazima kwa wazima moto.